Alice Stewart, munganga aliyekwenda kuuliza wamama

Kabla ya kupita kwenye mashini ya radio, mwanamke anaulizwa kwanza kama ana mimba. (Tuelewane: tunasema radio ya kupiga picha ya mifupa, si hii yetu munayoisikiliza.) Swali ni fupi, linachukua sekunde mbili, na kuna wengine wanaona kama muuguzi anajiingiza katika mambo ya nyumba ya watu. Lakini lile swali liko na historia. Katikati yake kuna mwanamke mmoja wa Uingereza, munganga Alice Stewart. Kuna pia wamama mamia kwa mamia waliofiwa na watoto wao. Yeye alikubali kuwasikiliza wakati ambapo wakubwa wengi wa unganga waliona kumbukumbu ya mama haiwezi kuwa ushahidi.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1906 katika mji wa Sheffield, mji wa viwanda vya chuma. Jina la kwao ni Naish. Stewart ni jina la ndoa. Alikuwa wa tatu kati ya watoto wanane. Baba na mama yake wote wawili walikuwa wanganga, na pale Sheffield walijulikana juu ya kazi yao kwa watoto. Kwa msichana wa wakati ule, kuona mama yake anatibu watu sawa na baba haikuwa jambo la kila siku.

Alisomea unganga Cambridge, katika koleji ya wasichana ya Girton. Cambridge ya miaka ile iliruhusu wasichana kusoma na kufanya mitihani, lakini digrii kamili haikuwapa. Walianza kuipata mwaka 1948 tu. Siku Alice aliingia mara ya kwanza katika chumba cha masomo ya unganga, vijana walipiga miguu chini wakifuata hatua zake, kishindo kwa kila hatua, mpaka alipofika kwenye kiti. Alikaa, akasoma. Akaendelea na mafunzo London, kwenye hospitali ya Royal Free, iliyofungulia wanawake mlango wakati nyingine nyingi ziliwafungia. Mwaka 1933 aliolewa na Ludovick Stewart, mwalimu, na wakazaa watoto wawili. Ndoa ile haikudumu, baadaye walitengana.

Vita vya pili vya dunia njo vilimtoa katika njia ya kawaida ya munganga anayengojea wagonjwa kitandani. Akiwa Oxford, aliombwa achunguze wafanyakazi wa viwanda vya silaha, wengi wao wanawake, waliokuwa wanashika TNT, ile baruti ya kujazia mabomu. Aliangalia damu yao na kuonyesha namna ile dawa ilikuwa inaharibu kazi ya mwili ya kutengeneza damu. Kiisha akapelekwa kwenye viwanda vya viatu, kuangalia juu ya nini kifua kikuu kilikuwa kingi pale. Hivi alijifunza kwamba kuna magonjwa hauwezi kuyaelewa kwa kuangalia mgonjwa mmoja. Lazima uhesabu watu wengi, wagonjwa na wazima, halafu ulinganishe. Wataalamu wanaita kazi hiyo epidemiolojia.

Mwaka 1946 aliingizwa kuwa mwanachama kamili wa Chuo cha Kifalme cha Wanganga cha London, mwanamke kijana kuliko wote waliokuwa wamepata heshima ile mpaka wakati ule. Njia ilionekana nyeupe. Lakini mwaka 1950 Profesa John Ryle, aliyekuwa anaongoza idara ya unganga wa jamii pale Oxford, alikufa. Alice aliachiwa kazi ile, ila chuo kikuu hakikumpa kiti cha profesa, na idara yenyewe ikashushwa kuwa kitengo kidogo chenye pesa kidogo. Mutu mwingine angetafuta kazi kwengine. Yeye alitafuta tatizo la kuchunguza.

Tatizo lilikuwa pale pale mbele ya macho. Miaka ile ya 1950, leusemi, ni kusema kansere ya damu, ilikuwa inaongezeka kwa watoto wa Uingereza. Mtaalamu wake wa hesabu, David Hewitt, alipopanga vifo kufuatana na umri, aliona kitu cha ajabu: watoto wengi walikuwa wanakufa kati ya miaka 2 na 4. Tena hawakuwa hasa watoto wa masikini, wenye kwa kawaida wanatangulia katika kila ugonjwa. Umri mdogo vile ulimfanya Alice awaze kwamba sababu inaweza kuwa nyuma zaidi, labda mbele ya mtoto kuzaliwa. Na kama ni mbele ya kuzaliwa, nani anajua mambo yale kuliko mama?

Siku ya leo wazo hilo linaonekana rahisi. Wakati ule halikuwa rahisi hata kidogo. Vitabu vya hospitali vilikuwa vinaandika kile munganga alifanya. Kile mama alipitia hakikuwa na safu yake kwenye karatasi. Alice na wenzake wakatunga karatasi ya maulizo: mama alikula nini, aliugua nini wakati wa mimba, alikunywa dawa gani, nyumbani kulikuwa wanyama gani, alipigwa radio ao hapana, sehemu gani ya mwili. Aliomba pesa za utafiti, akapata paundi 1,000 kutoka kwa mfuko wa Lady Tata. Ilikuwa pesa ndogo sana kwa kazi ya nchi mzima. Basi akaenda kwa wakubwa wa afya wa majimbo na miji akiwaomba wanganga wao wafanye maulizo yale bila malipo ya ziada, na wengi wakakubali. Walitafuta familia za watoto wenye walikufa na kansere kati ya 1953 na 1955 kabla ya kufikisha miaka 10. Kwa kila mtoto aliyekufa, walitafuta mtoto mwingine muzima, wa umri ule ule na wa eneo lile lile, mama yake naye akaulizwa maulizo yale yale.

Tufikirie kidogo kazi ile. Munganga anabisha hodi kwenye nyumba ambamo mtoto amekufa mwaka mmoja ao miwili nyuma, anafungua karatasi na kuanza kuuliza mambo ya mimba. Wangeweza kufukuzwa. Lakini wamama walijibu. Mutu aliyefiwa na mtoto tayari amejiuliza yale maulizo yote usiku peke yake; hapa kuna mutu anayeyauliza kwa sauti na kuandika jibu.

Majibu yalipoanza kurudi Oxford, Alice hakungojea yafike mamia. Makaratasi machache ya kwanza yalitosha kumshitua. Chakula, magonjwa, wanyama: wamama wa pande zote mbili walikuwa karibu sawasawa. Kwenye swali la radio ya tumbo wakati wa mimba, hapana. Wamama wa watoto waliokufa walikuwa wamepigwa radio karibu mara mbili kuliko wale wengine. Ilionekana kwa leusemi na kwa kansere zingine pia.

Miaka ile, kupiga mama mwenye mimba radio kulionekana kama unganga wa kisasa. Wanganga walitaka kujua kama nyonga ni pana ya kutosha, kama mtoto amekaa vizuri, kama ni mapacha. Mashini ya radio ilikuwa hata kwenye maduka ya viatu, ambamo mtoto alitia mguu ndani ili mama aone kama kiatu kinamuenea. Watu walijua kwamba mionzi mingi inaua. Hiroshima ilikuwa imewafundisha, na hata mbele yake wanganga wa kwanza wa radio walikuwa wamepoteza vidole na maisha. Lakini picha moja, mionzi kidogo tu, nani angeogopa? Kumbe ni ile kidogo tu Alice alikuwa anazungumzia.

Barua yake ya kwanza ilitoka katika gazeti la wanganga The Lancet mwezi wa Septemba 1956, na ripoti kamili ikatoka katika British Medical Journal mwaka 1958. Saa haikuwa nzuri kwake. Mwezi wa Oktoba 1956, majuma machache tu nyuma ya barua ile, Malkia Elizabeth alifungua Calder Hall, kituo cha umeme wa nyuklia ambacho Uingereza ilijivunia mbele ya dunia. Serikali zilikuwa zinajaribu mabomu hewani na kutuliza watu kwamba mionzi midogo haina neno. Wanganga nao hawakupenda kusikia kwamba kitu walichofanya kwa nia njema kilikuwa kinaua watoto. Hapo tunaweza kuwahurumia kidogo: ni vigumu kwa mutu aliyeapa kuponya kukubali jambo la namna ile.

Upinzani mkubwa ulisimama juu ya wamama wenyewe. Wapinzani walisema mama aliyefiwa anakumbuka zaidi kuliko yule ambaye mtoto wake yuko muzima. Anachimba kila kitu cha nyuma akitafuta sababu, wakati mwenzake amekwisha sahau. Kwa hiyo, kwao, tofauti ile ilikuwa ya kumbukumbu, haikuwa ya ugonjwa. Hoja ile si ya kijinga. Kila mtafiti anayeuliza watu mambo ya zamani inamupasa kuichunga. Lakini kuna kitu cha kuchekesha ndani yake. Mmoja wa wenye mashaka makubwa alikuwa Richard Doll, munganga maarufu aliyeonyesha mwaka 1950, pamoja na Austin Bradford Hill, kwamba sigara inaleta kansere ya mapafu. Na alionyesha namna gani? Kwa kuuliza wagonjwa wa hospitali za London mambo yao ya zamani.

Mwaka 1960, Doll na Hill pamoja na Court Brown walitoa hesabu yao wenyewe. Walifuata watoto karibu 39,000 ambao mama zao walipigwa radio wakati wa mimba, wakapata 9 tu wenye leusemi, wakati kwa kawaida wangetarajia kama 10 hivi. Kwa wengi, neno lilikuwa limeisha. Jina la Doll lilikuwa kubwa, la Alice lilikuwa dogo, na pesa za utafiti zinafuata majina. Shida ni kwamba kansere ya watoto ni ugonjwa wa nadra, na hesabu iliyosimama juu ya watoto 9 haina nguvu ya kuona ongezeko dogo. Watoto wawili watatu tu wakiongezeka ao kupunguka, jibu linageuka.

Jibu zuri lilitoka Marekani. Brian MacMahon wa Harvard alichukua hospitali 37 za kuzalishia za kaskazini-mashariki ya nchi ile, na watoto zaidi ya 700,000. Hakuuliza mama hata mmoja. Alisoma vitabu vya hospitali, vilivyoandikwa mbele mtoto hajazaliwa, wakati hakuna aliyejua nani ataugua. Alitazamia kuonyesha kwamba Alice alikosea. Mwaka 1962 alitangaza kwamba watoto waliopigwa radio ndani ya tumbo walikufa na kansere asilimia 40 kuliko wengine. Si mara mbili kama ile hesabu ya kwanza ya Oxford, lakini ongezeko lilikuwepo, na hapa kumbukumbu ya mama haikuwa na nafasi ya kudanganya. Uchunguzi wa Alice mwenyewe, ulipokua mpaka kufika watoto zaidi ya 15,000, ulishuka pia kwenye asilimia ile ile karibu 40. Mwaka 1970, pamoja na George Kneale, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa mkono wake wa kuume kwa miaka mingi, alionyesha kitu kingine: picha zikiongezeka, hatari nayo inapanda. Mashaka ya kumbukumbu hayawezi kueleza kirahisi jambo kama hilo.

Desturi ile haikufa siku moja. Ilipunguka polepole mpaka miaka ya 1970, na tuseme ukweli, haikuwa kazi ya Alice peke yake. Mwaka 1958, Ian Donald wa Glasgow alikuwa ameonyesha picha za tumbo kwa njia ya sauti ambayo sikio halisikii. Ndiyo ekografi tunayoijua leo. Ekografi haina mionzi kabisa. Mama anayeogopa kwamba ekografi itachoma mtoto wake anachanganya mashini mbili. Na kwa upande wa radio, mama asikimbie. Ile inayopigwa mkono ao mguu inamufikishia mtoto mionzi kidogo mno, na kuna saa munganga anaihitaji kweli kuokoa maisha ya mama. La maana ni kumwambia muuguzi ukweli kama mimba iko ao unaiwazia, mbele ya mashini kuwashwa, ili wao wapime faida na hatari.

Alice aliacha Oxford mwaka 1974, umri wa pumziko ukiwa umefika na kiti cha profesa hakijafika, akahamia Chuo Kikuu cha Birmingham. Hapo njo sehemu ya pili ya maisha yake ilianza, na hapo historia yake inagusa nchi yetu.

Thomas Mancuso, profesa wa Pittsburgh, alikuwa amepewa kazi na serikali ya Marekani tangu miaka ya 1960: kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya mabomu ya nyuklia, pamoja na kile cha Hanford katika jimbo la Washington. Hanford ilikuwa inageuza urani kuwa plutoniamu. Bomu la Nagasaki lilitoka pale. Na urani ya mpango ule wa vita, sehemu yake kubwa ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga yetu. Edgar Sengier wa Union Minière alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za madini yale New York mbele ya Wamarekani kuja kuyanunua mwaka 1942. Mawe yaliyochimbwa na mikono ya Wakongomani yalikwenda mpaka kwenye viwanda ambavyo afya ya wafanyakazi wake Alice aliitwa kuichunguza.

Wafanyakazi wa Hanford walivaa kifuani kifilimu kinachopima mionzi, na vipimo viliandikwa mwaka kwa mwaka. Kwa mtaalamu kama yeye, ilikuwa hazina. Mancuso alimwita yeye na Kneale, na mwaka 1977 watatu hao walitangaza kwamba kansere ilikuwa inaua wafanyakazi kwa kiasi cha mionzi ambacho serikali iliita salama, na kwamba hatari ilikuwa mara nyingi zaidi ya makadirio rasmi. Mkataba wa Mancuso ulikatwa mwaka ule ule. Vitabu vya vipimo vikafungwa, na kazi ikapewa watu wa serikali. Ilichukua zaidi ya miaka 10 ya kelele, katika bunge la Marekani na kwa raia, mpaka karibu mwaka 1990 ndipo watafiti wa inje wakaruhusiwa tena kufungua hesabu zile. Alice alikuwa na zaidi ya miaka 80. Akarudi mezani.

Hapa tusimufanye mtakatifu. Juu ya Hanford, wataalamu wengi, na si wale wa serikali peke yao, waliona njia yake ya hesabu ina udhaifu na kwamba aliweka hatari juu kuliko inavyopaswa. Mabishano yale hayakumalizika kwa upande wake kama yale ya wamama. Yeye naye alikuwa na hoja kali juu ya hesabu za Hiroshima na Nagasaki ambazo dunia mzima inazitumia kupima hatari ya mionzi: alisema wale waliohesabiwa tangu mwaka 1950 ni wale waliokwisha kupona njaa, majeraha na maambukizo ya miaka mitano ya kwanza, watu wenye miili migumu kuliko kawaida, na kwamba wazaifu, pamoja na watoto waliokuwa tumboni, walikwisha kufa mbele ya hesabu kuanza. Wengi walikataa hoja ile. Hakuiacha.

Mwaka 1986 alipewa huko Sweden tuzo ya Right Livelihood, ile watu wanaiita Nobel ya pembeni. Aliendelea kwenda Birmingham, kutoa ushahidi kwa wafanyakazi wagonjwa, na kusafiri kwa mikutano, katika umri ambao wengine wanakaa kwenye kivuli na wajukuu.

Neno la mwisho juu ya radio na mimba lilitoka mwaka 1997. Richard Doll, yule yule, wakati huo akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80 na mkubwa anayeheshimiwa kuliko wote katika kazi ile, aliandika pamoja na Richard Wakeford baada ya kupitia ushahidi wote wa miaka 40. Walikubali kwamba radio ya tumbo kweli inaongeza kansere kwa mtoto aliye ndani, hata kwa kipimo cha miligrei 10 tu. Kwa kipimo hicho, hesabu yao inaonyesha kama watoto 6 zaidi kwa kila watoto 10,000. Ni wachache, ndiyo. Uingereza ya miaka ya 1950 ilikuwa inapiga radio makumi ya maelfu ya wamama kila mwaka.

Alice alikuwa na miaka 90 makala ile ilipotoka. Alikufa Oxford tarehe 23 Juni 2002, akiwa na miaka 95.